Kusema na Bodi ya Kompyuta kwa Nyaya Tatu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini mmekwisha kuketi, na mwalimu wa darasa amekwisha kuwagawia karatasi ya somo la leo. Aliye na kalamu na aishike, maana katikati ya mazungumzo tutafanya hesabu kidogo.

Leo nataka kuwaeleza jinsi mtu awezavyo kusema na kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, naye akasoma majibu yake. Nimechagua jambo hili kwa sababu ya darasa moja nililolitembelea mwaka jana. Wanakisomo wa pale walichanga fedha zao wenyewe, wengine kwa kuuza kuku, wengine kwa kuuza mihogo, wakanunua bodi moja ya kompyuta. Waliitia katika sanduku la plastiki, wakaifunga ukutani, na vitabu vya kusoma wakaviweka katika flashi iliyochomekwa ubavuni mwake. Kila mwenye simu aliyeketi karibu aliweza kuvifungua vitabu vile bila kulipia intaneti.

Kazi iliendelea vizuri kwa miezi minane. Kisha jioni moja wakaiwasha, taa nyekundu ikawaka kama kawaida, lakini simu hazikuiona tena. Wakaizima, wakaiwasha tena. Hali ikawa ile ile. Fundi mmoja wa simu akaitwa, akaitazama, akasema imekufa, na hapo hapo akataka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Nilipofika mimi, daftari la michango lilikuwa limekwisha kufunguliwa upya. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, mimi kuku wamekwisha."

Sikuwalaumu. Mashine isiyo na kioo haina uso wa kutazama, na mgonjwa asiyeonekana uso ni vigumu kujua aumwa wapi. Lakini bodi ile haikuwa bubu. Ilikuwa ikisema tangu ilipowashwa, ila hapakuwa na mtu aliyetega sikio mahali ilipokuwa ikisemea.

Bodi yenyewe ilikuwa ya aina ya Raspberry Pi. Bodi hizi zilibuniwa Cambridge, huko Uingereza, na ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, kwa bei ya dola 35. Waliozibuni walikusudia wanafunzi wapate kompyuta rahisi ya kujifunzia kazi, wasiogope kuigusa. Ukubwa wake ni kama kadi ya benki, na kando yake zimesimama pini ndogo ndogo za kuunganishia nyaya. Katika bodi zilizotoka tangu mwaka 2014 pini hizo ni 40, nazo zimejipanga safu mbili. Kati ya hizo 40, leo tunazitaka tatu tu.

Mahali pale pa kusemea mafundi hupaita konsoli ya siriali. Konsoli ni mahali pa kutolea amri na kusomea majibu. Siriali maana yake ni kwa mfuatano, kimoja nyuma ya kingine, kama watu wapitao katika ujia mwembamba wa shambani ambao hauwezi kuwachukua wawili sambamba. Picha haipiti hapo, wala sauti ya muziki. Hupita herufi. Ndiyo maana nasema somo hili ni la wanakisomo hasa, kwa kuwa kazi yake yote ni kusoma.

Sasa, herufi hupitaje katika waya? Waya haujui A wala B. Waya una hali mbili tu, umeme upo au umeme haupo. Ukiwapo twaandika 1, usipokuwapo twaandika 0. Kila 1 au 0 huitwa biti. Wamarekani walikubaliana mwaka 1963 juu ya orodha moja ya namba za herufi, iitwayo ASCII, na katika orodha hiyo herufi kubwa A ni namba 65.

Shikeni kalamu. Andikeni namba hizi kwa safu: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia. Sasa tafuteni zipi kati ya hizo zikijumlishwa zapata 65. (Hapa redio itanyamaza kidogo ili darasa lifanye hesabu.)

Naam. Ni 64 na 1. Basi chini ya 1 andikeni 1, chini ya 64 andikeni 1, na chini ya namba nyingine zote andikeni 0. Mmepata 1 0 0 0 0 0 1 0. Hiyo ndiyo A jinsi ipitavyo katika waya, ndogo ikitangulia.

Lakini yule apokeaye atajuaje kwamba herufi imeanza? Desturi ya waya huu ni kwamba usipokuwa na neno hukaa katika hali ya 1. Herufi ikitaka kupita, waya hushuka kwenye 0 kwa kitambo kimoja. Hiyo ni kama hodi. Kisha hupita zile biti 8, na mwisho waya hurudi kwenye 1 kwa kitambo kingine, kama kuaga. Kwa hiyo kila herufi moja huchukua vitambo 10.

Na hapa ndipo mwendo unapoingia. Hakuna saa inayokwenda pamoja na herufi kumwambia mpokeaji "soma sasa". Kila upande hutumia saa yake, na pande zote mbili hazina budi kukubaliana mapema kitambo kimoja ni kirefu kiasi gani. Kipimo cha mwendo huu huitwa baudi, kwa kumkumbuka Émile Baudot, fundi wa simu za maandishi wa Ufaransa, ambaye mwaka 1874 alipata hati ya kumiliki chombo chake cha kupeleka herufi. Bodi za Raspberry Pi husema kwa mwendo wa biti 115200 kwa nukta moja ya saa. Gawanyeni kwa 10. Ni herufi 11520 kila nukta. Mashine ya kuandikia ya mbali iitwayo Teletype Model 33, iliyotoka Marekani mwaka 1963, ilipeleka herufi 10 tu kwa nukta, ikipiga kelele kama cherehani bovu. Na ajabu ni hii, jina lake halijafutika. Katika amri nitakayowapa baadaye mtaona herufi tty. Hizo ni ufupisho wa neno hilo la teletype, zimebaki ndani ya kompyuta za leo kama jina la babu libakivyo kwa wajukuu wasiomjua.

Sasa tuje kwenye nyaya zenyewe. Kompyuta mpakato haina pini za namna hii, hivyo lazima pawe na mkalimani. Mkalimani huyo ni adapta ndogo ya USB, ambayo upande mmoja huchomekwa katika kompyuta na upande wa pili una nyaya nne. Nyaya tatu ni zetu. Mmoja ni wa ardhi, nao aghalabu ni mweusi na huandikwa GND. Wa pili ni wa kusema, huandikwa TX. Wa tatu ni wa kusikia, huandikwa RX. Msiamini rangi peke yake, someni maandishi.

Waya wa ardhi watu huudharau kwa sababu hauchukui neno lolote. Wanakosea. Umeme hupimwa kama kimo kipimwavyo toka chini. Watu wawili wakishindana urefu, kila mmoja amesimama juu ya jiwe lake, hawatapatana kamwe. Waya wa ardhi ndio unaowasimamisha wote wawili katika sakafu moja. Ukiusahau, utaona herufi za ovyo, au hutaona kitu.

Nyaya za kusema na kusikia hupishana. Wa kusema wa adapta huenda kwenye pini ya kusikia ya bodi, na wa kusikia wa adapta huenda kwenye pini ya kusema ya bodi. Ni jambo la akili tu. Mdomo wangu waelekea sikio lako. Ukiunganisha TX na TX, umekutanisha midomo miwili, na hakuna atakayesikia.

Ili kuzipata pini, ishikeni bodi mkitazama safu iliyo ukingoni kabisa, mkaanzie kwenye kona iliyo mbali na matundu makubwa ya USB. Pini ya kwanza na ya pili katika safu hiyo ya ukingoni ziacheni, msiziguse. Ya tatu ni ardhi. Ya nne ni ya kusema. Ya tano ni ya kusikia. Katika michoro ya mafundi pini hizo tatu zina namba 6, 8 na 10, kwa sababu wao huhesabu safu zote mbili. Bodi ya namba 5, iliyotoka mwaka 2023, ina tundu lake dogo la kazi hii, lililo kati ya matundu mawili ya kioo.

Kwa nini nimesema msiziguse zile mbili za kwanza? Kwa sababu zina umeme wa volti 5, na pini za kusema na kusikia za bodi hii huvumilia volti 3.3 tu. Bodi yangu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilinunua adapta dukani, nikauliza kama ni ya volti 3.3, muuzaji akasema, "Zote sawa tu, mzee." Nami sikuwa mzee, wala hazikuwa sawa. Adapta ile ilikuwa na kidude cha kuchagua kati ya 5 na 3.3, nacho kilikuwa kimewekwa kwenye 5. Nikaunganisha. Hapakutoka moshi wala harufu, taa ilizimika tu, na bodi haikuwaka tena hata leo. Tangu siku ile kila adapta ngeni hupimwa kwanza kwa mita ya volti. Kipimo hicho ni cha dakika moja. Na ule waya wa nne wa adapta, ambao mara nyingi ni mwekundu, ni wa kupeleka umeme. Uacheni ukining'inia, na ncha yake ifungeni kwa utepe. Bodi ina umeme wake. Unganisheni nyaya zote bodi ikiwa imezimwa.

Jambo jingine, mlango huu wa konsoli katika bodi nyingi za aina hii hutoka kiwandani umefungwa. Ili kuufungua, toeni ile kadi ndogo ya kumbukumbu, itieni katika kompyuta, fungueni faili iitwayo config.txt, na mwishoni ongezeni mstari huu:

enable_uart=1

Karibu yake kuna faili nyingine, cmdline.txt, ambayo maneno yake yote yako katika mstari mmoja, nao usikatwe. Ndani yake mtaona console=serial0,115200 na pia console=tty1. Ya kwanza ni konsoli yetu ya nyaya, ya pili ni ya kioo. Inayotajwa mwisho ndiyo ipewayo habari zote za kuamka kwa huduma, na inayotangulia hupewa maneno ya kiini cha mfumo peke yake. Kwa kuwa sisi hatuna kioo, yetu ihamisheni iwe ya mwisho. Watu wengi hawalijui hili, hukaa wakisoma nusu ya habari.

Baada ya hapo kadi hurudishwa, nyaya huunganishwa, na katika kompyuta yenye mfumo wa Linux huandikwa amri hii. Nitaisoma polepole, nanyi mfuate katika karatasi:

screen /dev/ttyUSB0 115200

Mwenye mfumo wa Windows atatumia programu iitwayo PuTTY, achague Serial, aandike mwendo ule ule wa 115200. Kisha ndipo bodi iwashwe, si kabla, maana maneno ya kwanza yakipita hayarudi.

Mkiona alama za ajabu ajabu, mwendo haukuwiana, au ardhi haikushika vizuri. Mkiona weusi mtupu, badilishaneni waya wa pili na wa tatu, kisha tazameni tena ile config.txt. Mkiweza kusoma lakini mkiandika hakuna kitokeacho, waya wa kusikia wa bodi umechomoka.

Turudi kwenye darasa lile. Niliunganisha nyaya mezani, watu wamenizunguka, na mvulana mmoja akashika tochi. Tukaiwasha bodi. Herufi zikaanza kumiminika kwa kasi ambayo hakuna awezaye kuifuata. Nikawaambia wasihangaike na mbio hizo, watazame ukingo wa kushoto tu. Maneno ni ya Kiingereza, lakini katika ukingo ule yanayojirudia ni machache. OK maana yake huduma imeamka salama. FAILED, imeshindwa. TIME, nimengoja mpaka muda umekwisha. DEPEND, nimeshindwa kwa sababu mwenzangu niliyemtegemea ameshindwa kwanza.

OK, OK, OK zikashuka kama mvua. Mara zikasimama. Ukabaki mstari mmoja tu unaohesabu nukta, na mbele ya hesabu hiyo imeandikwa 1min 30s, yaani dakika moja na nusu. Bodi ilikuwa inangoja kitu. Tukangoja nayo. Dakika moja na nusu ilipotimia, yule mama wa kuku, aliyekuwa ameinama karibu kabisa na kioo cha kompyuta yangu, akasoma kwa sauti, "T, I, M, E." Chini yake zikafuata DEPEND tatu, kisha kimya.

Mtu mwenye haraka angezishika zile DEPEND kwa kuwa ndizo za mwisho. Hizo si zenye kosa, zimeburutwa tu. Husomwa kwenda juu mpaka ifikiwe TIME au FAILED ya kwanza. Katika mstari wa TIME bodi ilikuwa imeandika wazi ilichokuwa ikingoja. Ilikuwa ni diski, nayo ilitajwa kwa namba yake maalumu ya herufi na tarakimu zilizochanganyika. Diski hiyo ni flashi ya vitabu. Bila diski ile bodi ilikataa kuendelea, na kwa kuwa mtandao wa kuitia simu huwashwa baadaye, haukufikiwa.

"Lakini flashi hii hapa," wakasema wote, na kweli ilikuwapo, imechomekwa. Niliichomoa, nikaitia katika kompyuta yangu, nikasoma namba yake. Haikuwa ile. Bodi haitambui flashi kwa rangi wala kwa umbo, huitambua kwa namba iliyoandikwa ndani yake. Mbele yetu tulikuwa na flashi nyingine ya duka lile lile, iliyofanana na ya kwanza kama pacha.

Pakawa kimya tena. Kijana mmoja akainuka mlangoni, akatoka bila kuaga. Baada ya nusu saa akarudi na flashi mkononi. Alikuwa ameichukua ya darasa kubebea nyimbo za arusi ya dada yake, akaweka yake pale, kisha akarudisha isiyo yenyewe. Hakuna aliyemgombeza sana, maana wengi wa pale waliicheza ile arusi.

Tukaichomeka, tukaiwasha bodi. OK zikashuka mpaka mwisho, na chini kabisa likatokea neno login, maana yake jitambulishe uingie. Nikaandika jina na neno la siri, nikaingia. Ndani, katika faili iitwayo fstab ambamo diski zote zimeorodheshwa, niliongeza neno nofail kwenye mstari wa flashi ile. Sasa ikikosekana tena, bodi itaendelea kuamka bila vitabu, na angalau mtandao utapatikana.

Neno moja juu ya usalama. Mwenye nyaya hizi tatu amesimama mlangoni mwa mashine. Neno la siri lisiwe jina la kijiji, na lile sanduku la ukutani litiwe kufuli.

Kazi ya nyumbani ni hii. Katika orodha ya ASCII, B ni 66, C ni 67, na kuendelea hivyo mpaka Z. Kila mmoja atafute namba ya herufi ya kwanza ya jina lake, aigawe katika safu yetu ya 1 mpaka 128, aandike biti zake 8, kisha aongeze ya hodi mbele na ya kuaga nyuma. Mwalimu atazikusanya. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutaeleza jinsi ya kunakili kadi ya kumbukumbu kabla haijaharibika, kwa hiyo njooni na daftari zenu za leo. Kwaherini.